Nasaba ya Herufi Zilizonyamaza

Mwanafunzi wa Gitega aliyelelewa kwa Kirundi, akasomeshwa kwa Kifaransa na kukisikia Kiswahili sokoni, anapoyafikia maneno ya Kiingereza yaliyobeba herufi g na h pamoja, kama vile "night", ambalo ni usiku, "daughter", ambalo ni binti, na "laugh", ambalo ni kucheka, huona kwamba herufi zile zile mara hunyamaza kabisa na mara husema f, na aghalabu huambiwa kuwa jambo hilo halina kanuni, basi na ayahifadhi hivyo hivyo. Jawabu hilo halimtendei haki, kwani herufi hizo zina nasaba yake, na mwenye kuijua hupunguziwa sehemu kubwa ya taabu.

Haja ya elimu hiyo imezidi tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na khasa tangu sheria ya mwaka 2014 ilipokitia Kiingereza katika daraja la lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Huko Muyinga, mji ambao barabara yake hushuka hadi Kobero, mpakani na Tanzania, maneno ya ukoo huu ndiyo hasa maneno ya biashara: "weigh" ni kupima uzani, "eight" ni nane, "bought" ni kununua kwa wakati uliopita, "freight" ni shehena au nauli yake, "neighbour" ni jirani, na "enough" ni kiasi cha kutosha.

Katika Kiingereza cha kale sauti iandikwayo sasa kwa gh haikuwa pambo. Ilitoka kooni, karibu sana na kh ya Kiarabu tuisikiayo katika khabari na kheri, na mtu aliyelitamka neno "night" katika zama za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliidhihirisha sauti hiyo bila ya kuificha. Baadaye ndimi za watu zililegea. Katika maneno mengi sauti ikafa, na katika machache ikahama kooni ikaenda midomoni, ikawa f, na ndiyo sababu ya "cough", yaani kukohoa, na "rough", yaani kitu kikwaruzacho. Lakini William Caxton alikwisha kuleta matbaa Uingereza mwaka 1476, na maandishi yakaanza kuganda hali matamshi yakiendelea kwenda, hata leo kalamu inaandika mambo ambayo ulimi uliyaacha zamani.

Caxton huyo alikuwa amefanya kazi yake Bruges, mji ambao leo umo katika Ubelgiji, na wanazuoni huihesabu h ya "ghost", yaani mzuka, kuwa ni athari ya mwandiko wa Kiflemi ulioingia kwa njia ya wapiga chapa. Kwa hivyo neno hilo si la ukoo wa "night", na g yake husikika daima. Neno linipendezalo zaidi ni "delight", furaha, lililotoka katika Kifaransa cha kale bila ya gh yoyote, kisha waandishi wakalitia herufi hizo ili lifanane na "light", nuru, ambalo halina udugu nalo hata kidogo.

Hali ya k iliyotangulia n ni kama hiyo. "Know" ni kujua, "knee" ni goti, "knife" ni kisu, "knot" ni fundo, na k hiyo ilitamkwa katika yote hayo hata karne ya 17. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, hawakuiacha: wale walioufanya mji wa Gitega kuwa makao ya utawala wao mwaka 1912 waliliita goti "Knie", k na n zikisikika zote mbili, na usiku wakauita "Nacht", ile kh ya kooni ikiwa hai kabisa.

Maneno yaishiayo kwa herufi tion, kama "nation" na "election", hayana haja ya maelezo marefu kwa Mrundi, kwani yametoka katika Kifaransa na Kilatini, mlango ukiwa umefunguliwa na Wanormani walioishinda Uingereza mwaka 1066, naye amekwisha kuyajua shuleni. Limsalialo ni tamko.

Mzito zaidi ni mtihani wa l na r. Kirundi huweka r mahali pengi ambapo Kiswahili kina l, kama vile kulima kunavyoitwa kurima, basi mwanafunzi akutanapo na "light", nuru, na "right", haki au upande wa kulia, maneno ambayo gh zake zote zimenyamaza na hayatengwi ila na herufi ya kwanza, huyachanganya. Hapa ndipo ninapomwona kijana wa Muyinga aliyezoea kusemezana na wafanyabiashara wa Ngara, upande wa Tanzania, kuwa ana akiba mkononi, maana Kiswahili kimekwisha kumfunza kutenga kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Na mwalimu akizitanguliza jozi hizo ubaoni, ndipo amlete kwenye "collect", kukusanya, na "correct", kusahihisha, sikio la kijana huyo litakuwa limekwisha kuijua kazi linayotakiwa kuifanya.