BASTOLA KIUNONI, MKONO MBALI



Mara nyingi tunazungumza nawe juu ya kofia ya kazi, vumbi la mwamba na maji safi ya kunywa. Leo tunataka kuzungumza juu ya chombo ambacho si cha kazi yako, lakini unakutana nacho kila mara: bastola iliyofungwa kiunoni mwa mtu. Ukitoka Muhumba au Nguba kwenda mjini, utaiona. Iko kwa afisa anayesimama mbele yako katika mstari wa malipo. Iko kwa askari aliyebanana nawe ndani ya teksi. Pengine iko kwa shemeji yako aliye askari, ambaye Jumapili anakuja kwako kula ugali na samaki.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Kwa ajali ya bastola usikubali neno hilo. Kinga ipo, nayo haina bei: bastola ibaki ndani ya ala yake, na mkono wa mtu yeyote ukae mbali nayo.

NAMNA AJALI INAVYOTOKEA

Ala ni ule mfuko wa ngozi au wa plastiki ngumu unaofungwa kwenye mkanda. Kazi yake si pambo. Ala nzuri hufunika kifyatulio, ule ulimi mdogo wa chuma unaovutwa na kidole, na hushika bastola isianguke mtu anapokimbia au kuinama. Bastola nzima, iliyofunikwa hivyo na isiyoguswa, haifyatuki.

Basi hatari huingia lini? Huingia pale mkono unapoifuata. Mtu ameketi katika nganda, chupa ya tatu iko mezani, na rafiki anamwambia: «Hebu tuione.» Anaitoa. Au ameketi ndani ya gari, bastola inamchoma ubavuni, naye anaihamisha huku kidole kimepita penye kifyatulio. Au anairudisha kwa haraka, na pindo la shati au kamba ya koti linaingia pamoja nayo na kuvuta kifyatulio. Mwingine hana ala kabisa. Ameichomeka katika suruali, inateleza, naye anaidaka hewani kwa kuishika popote.

Kosa jingine limeua watu wengi duniani. Mtu anatoa chombo cha risasi kilicho ndani ya mpini, kisha anasema: «Sasa haina kitu.» Lakini risasi moja inaweza kuwa imekwisha kupanda na kukaa nyuma ya mtutu. Kutoa chombo hakuitoi hiyo moja, na hiyo moja ndiyo inayopiga.

Angalia tena bastola ya kiunoni inaelekea wapi. Inaelekea chini. Ikifyatuka, risasi hupita katika paja, goti au mguu wa mwenyewe, au wa yule aliyeketi karibu naye. Kwa mtu mzima ni paja, lakini kwa mtoto anayesimama kando ya baba yake, kimo hicho ni kimo cha kichwa.

SHERIA UNAYOIJUA TAYARI

Wewe mchimbaji hatuna haja ya kukufundisha mambo haya kutoka mwanzo. Unajua namna tunavyotunza baruti. Fataki hazilali pamoja na baruti. Hazishikwi na kila mtu, ila na yule aliyefundishwa na kupewa kazi hiyo. Hakuna anayeweka fataki mfukoni ili aende kuwaonyesha watoto nyumbani. Na baada ya kulipua, hakuna anayesema «zote zimekwisha kulia» kabla mwamba haujakaguliwa.

Bastola ni fataki na baruti vilivyokwisha kuunganishwa, na kilichobaki ni kidole tu. Kwa nini basi adabu tunayoishika ndani ya mgodi tuiache mlangoni pa nganda?

KWA WEWE UNAYEBEBA

Kama kazi yako inakupa silaha, shika mambo haya:

1. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi, hata kama uliikagua mwenyewe asubuhi.
2. Tumia ala inayofunika kifyatulio na yenye kifungo. Mkanda wa suruali si ala.
3. Mbele ya watu usiitoe, usiigonge kwa kidole, usiishikeshike unapozungumza. Mkono unaochezea bastola huwaogopesha watu, na mwoga hufanya jambo lolote.
4. Ukilazimika kuitoa, mtutu uelekee mahali pasipo na mtu, na kidole kikae nje ya kifyatulio.
5. Usibebe silaha unapokunywa, iwe bia au kasiksi. Silaha ibaki kwenye ghala la kazi, au usinywe.
6. Usipige risasi hewani kwa furaha, kwa matanga wala kwa kufukuza watu. Risasi inayopanda lazima ishuke, na ikishuka ina nguvu ya kuua. Nyumba zetu nyingi za Bukavu ni za mbao na mabati, nazo haziizuii.
7. Mlangoni pa hospitali utaona picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Iheshimu. Mgonjwa hapaswi kulala kando ya mtutu.

Kumbuka pia sheria. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza raia kuwa na silaha ya moto bila kibali. Na katika migodi ya wachimbaji wadogo, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2012 unasema kwamba mgodi haupati rangi ya kijani ikiwa wenye silaha wanautawala au wanatoza watu ushuru. Silaha na kazi ya madini vikichanganyika, kazi yenyewe huharibika.

KWA WEWE USIYEBEBA

Hapa ndipo wengi wetu tulipo. Mwenye bastola hakuulizi maoni yako, lakini wewe pia una adabu ya kushika.

Usimwombe akuonyeshe. Usimtanie kwa kujifanya unamnyang'anya. Usimkumbatie ghafula kutoka nyuma wala kumshika kiunoni, hata kama ni ndugu yako wa damu. Katika teksi, kama nafasi ipo, kaa upande usio na silaha. Akianza kuitoa ili kujionyesha, usisimame kutazama. Chukua watoto, ondoka polepole, bila kelele na bila kukimbia.

Mgeni mwenye silaha akiingia kwako, sema naye mapema na kwa heshima, kabla chakula hakijaletwa: «Afande, karibu sana. Watoto wako hapa, tafadhali silaha ibaki mahali pake.» Maneno hayo si matusi. Askari aliyefundishwa vizuri atayaelewa, maana ni yaleyale aliyoambiwa kambini. Wewe mama, usikubali bastola iwekwe juu ya meza, chini ya mto au juu ya kabati. Mtoto wa miaka mitatu ana nguvu ya kutosha kuvuta kifyatulio, na anajua kupanda kiti.

SILAHA ISIYO NA MWENYEWE

Sisi wa Bukavu tuna sababu yetu wenyewe ya kusema hivi. Katikati ya Februari 2025, askari wa serikali walipoondoka mjini na wapiganaji wa M23 kuingia, silaha na risasi nyingi ziliachwa nyuma. Raia waliziokota, na kati yao walikuwamo watoto. Hakuna anayeweza kuhesabu zilizofichwa chini ya vitanda au zilizofukiwa katika mashamba ya migomba.

Ukiona bunduki, risasi au grenedi, usiiguse na usiitupe chooni wala ziwani. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, kisha mpashe habari shefu wa avenue ili watu wenye ujuzi waitwe. Waambie watoto wako leo, kwa maneno mepesi: «Ukiona, usiguse. Rudi ulikotoka. Mwite mtu mzima.» Waulize tena kesho, wakujibu wenyewe. Na mtoto akija kukuambia ukweli, usimpige. Ukimpiga, safari nyingine atanyamaza.

IKIWA RISASI IMEMPATA MTU

Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, anaweza kufa kwa dakika chache, kabla gari halijapatikana. Kwa hiyo mganga wa kwanza ni wewe uliye karibu. Fanya hivi:

1. Tazama kwanza usalama wako. Silaha ikiwa bado mkononi mwa mtu, ngoja.
2. Tafuta mahali damu inapotoka. Risasi mara nyingi ina tundu la kuingilia na la kutokea, basi mtazame mbele na nyuma.
3. Bonyeza kwa nguvu zako zote kwa kitambaa safi. Kikilowa, usikiondoe. Ongeza kingine juu yake na uendelee kubonyeza.
4. Kama ni mkono au mguu na damu haisimami, funga kitambaa chenye upana wa vidole vitatu au zaidi, juu kidogo ya jeraha, si penye kiungo. Ingiza kijiti na ukizungushe mpaka damu isimame. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Andika saa uliyofunga, na usilegeze mpaka afike kwa mganga.
5. Jeraha likiwa kifuani na mgonjwa anahema kwa shida, mketishe nusu, mgongo ukiegemea kitu.
6. Usichokoe kutafuta risasi. Usimpe maji, chakula wala pombe. Mfunike asipate baridi.
7. Mpeleke mara moja penye upasuaji. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo, hapa Bukavu, imewatibu majeruhi wengi wa risasi. Usipitie kwa mfunga mifupa wala kwa mwuza dawa. Hata jeraha dogo linahitaji kuoshwa vizuri na sindano ya pepopunda.

Wengine huficha jeraha kwa kuogopa maswali. Ndugu, kazi ya mganga ni kuziba damu. Anayefichwa siku tatu hufika na mguu uliooza, na hapo tunakata kile ambacho siku ya kwanza tungekiponya.

Kata ukurasa huu, uubandike ukutani karibu na mlango, mahali mgeni anapoweza kuusoma kabla ya kuketi.

NENO LA MWEZI: SILAHA ISIYOGUSWA HAIUMIZI MTU.