Manyuali au Otomatiki? Mwongozo kwa Mlaji Anayenunua Gari la Spoti Lililotumika

Mlaji anayetafuta gari la spoti hukutana mapema na swali la gia: achukue manyuali au otomatiki? Mara nyingi jibu hutolewa kijiweni kabla mnunuzi hajaliona gari lenyewe. Wapo wasemao kwamba spoti bila klachi si spoti. Wapo pia wasemao kwamba manyuali ni adhabu ya mguu wa kushoto. Kauli zote mbili humfaa muuzaji kuliko mnunuzi, kwa kuwa humfanya mnunuzi alipie jina la gia badala ya kukagua hali ya gia.

Katika makala hii tunaeleza tofauti za giaboksi zinazopatikana sokoni, gharama ambazo kila moja huja nazo, na namna ya kuzikagua kabla ya kulipa. Tunayazungumzia zaidi magari yaliyotumika yanayotoka Japani, kama vile Toyota Altezza, Subaru Impreza WRX, Mazda RX-8 na Volkswagen Golf GTI, kwa sababu hayo ndiyo magari ya spoti ambayo mlaji wa kawaida nchini huweza kuyafikia.

Aina nne za giaboksi

Walaji wengi hudhani kuna aina mbili tu. Kwa hakika zipo nne, na neno "otomatiki" katika tangazo la mauzo huweza kuficha tatu kati yake.

*Manyuali.* Dereva hukanyaga klachi, injini hutengana na giaboksi, naye huchagua gia kwa mkono. Vipande vyake vya ndani ni vichache na mafundi wengi wanavifahamu. Kinacholika kwa kawaida ni klachi, ambayo hubadilishwa bila kuifungua giaboksi yenyewe.

*Otomatiki ya kawaida.* Badala ya klachi ya mguu, nguvu ya injini hupita katika chombo kilichojaa oili, na oili hiyo ndiyo inayosukuma upande wa giaboksi. Kwa hiyo gari husimama likiwa kwenye gia bila injini kuzimika. Otomatiki za zamani zenye gia nne hupoteza nguvu na petroli njiani. Zile za miaka ya karibuni, zenye gia sita hadi nane, zimepunguza upotevu huo kwa kiasi kikubwa.

*Giaboksi ya klachi mbili.* Hii ni kama manyuali mbili ndani ya ganda moja: klachi moja hushika gia witiri, nyingine hushika gia shufwa. Gia inayofuata huwa imeshaandaliwa, hivyo mabadiliko hutokea kwa kufumba na kufumbua. Volkswagen iliitumia katika gari la kuuzwa kwa umma mwaka 2003, kwenye Golf R32, kwa jina la DSG. Klachi zipo, ila kompyuta ndiyo inayozikanyaga.

*CVT.* Hii haina gia za meno zinazopandana. Mkanda au mnyororo wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazobadili upana wake. Huenda kwa ulaini, lakini haivumilii oili isiyo yake. Mlaji asidhani kwamba CVT ni ya magari madogo ya mjini pekee. Subaru ilipotoa WRX mpya nchini Japani mwaka 2014, toleo la S4 lilikuja na CVT tu, na toleo la STI likaja na manyuali ya gia sita tu. Magari hayo mawili yanafanana kwa sura, lakini fundi atakayeyatengeneza huenda asiwe mmoja.

Je, manyuali ina kasi zaidi?

Zamani ilikuwa hivyo. Leo, kwa magari mapya, haiko hivyo tena. Nissan GT-R ya mwaka 2007 haikuwahi kuuzwa na manyuali. Porsche 911 GT3 ya mwaka 2013 ilitoka na giaboksi ya klachi mbili pekee, kwa sababu kompyuta hubadili gia haraka kuliko mkono wa mtu yeyote. Wapenzi wa gari hilo walilalamika, na mwaka 2017 Porsche ikairudisha manyuali kama chaguo. Toyota nayo ilileta GR Supra mwaka 2019 ikiwa na otomatiki pekee, kisha mwaka 2022 ikaongeza manyuali. Katika mifano hii, manyuali ilirudi kwa sababu ya raha ya kuendesha. Raha ni sababu halali ya kununua kitu, mradi mnunuzi ajue kwamba hicho ndicho anacholipia.

Kwa magari ya zamani yaliyojaa katika soko letu, hali ni tofauti. Mazda RX-8 ya mwanzo iliyouzwa Japani ilikuwa na injini ya nguvu farasi 250 katika toleo la manyuali ya gia sita, ilhali toleo la otomatiki ya gia nne lilikuwa na nguvu farasi 210. Altezza RS200 ya manyuali nayo ilikuwa na nguvu kidogo zaidi kuliko ndugu yake ya otomatiki. Hivyo mnunuzi asiridhike na jina lililobandikwa nyuma ya gari. Aulize toleo, mwaka, na idadi ya gia. Mtu anayelipa bei ya RX-8 yenye nguvu farasi 250 na kupewa ile ya 210 amepunjwa, hata kama gari halina kasoro.

Barabara unayopita kila siku

Tunawashauri walaji wajiulize kwanza gari litaishi wapi. Mkazi wa Kimara au Mbagala anayefanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam anaweza kukanyaga klachi mara mamia kwa siku moja ya foleni. Klachi za magari ya spoti mara nyingi ni nzito kuliko za magari ya kawaida, na nyingine zimeongezwa ugumu na mmiliki aliyetangulia. Kwa dereva huyo, otomatiki ya kawaida ndiyo yenye amani zaidi. Giaboksi ya klachi mbili haimpi unafuu uleule, kwani kusogea kidogo kidogo kwenye foleni hulazimisha klachi zake kusuguana bila kushika sawasawa, zikapata joto na kulika.

Kwa anayesafiri mikoani, mteremko ndio mwalimu. Anayeshuka Kitonga au Sekenke anahitaji injini imsaidie kulizuia gari, ili breki zisipate moto zikakataa kushika. Manyuali hufanya hivyo kwa urahisi: dereva hurudi gia ya chini na injini hulishika gari. Otomatiki nayo huweza, ila dereva lazima aiondoe kwenye D na kuchagua gia ya chini yeye mwenyewe. Katika giaboksi ya aina yoyote, kuweka frii kwenye mteremko kwa nia ya kubana petroli ni hatari kwa maisha.

Kuna pia mambo madogo yenye uzito. Gari la manyuali lenye betri iliyokufa linaweza kuwashwa kwa kusukumwa, la otomatiki haliwezi. Gari la otomatiki likiharibika halipaswi kuvutwa kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini, kwani giaboksi huweza kuungua kwa kukosa oili. Hilo lipandishwe kwenye gari la kubebea. Na ikiwa wengine nyumbani hawajui klachi, gari hilo litakuwa la mtu mmoja, hata siku ya dharura.

Gharama baada ya kununua

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Bei ya kununulia hulipwa mara moja, ila giaboksi hudai kila mwaka. Kabla ya kuchagua, pita katika maduka matatu ya vipuri, Kariakoo, Ilala au mjini kwako, uulize bei ya vitu viwili kwa gari na mwaka uleule unaoutaka: seti kamili ya klachi, na giaboksi nzima iliyotumika. Kisha muulize fundi gharama ya kuvifunga. Ukiona kwamba giaboksi moja ni sehemu kubwa ya bei ya gari zima, jua kuwa unanunua gari ambalo kosa moja huweza kulilaza uani.

Ulizia pia oili. Walaji wengine huambiwa kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki haibadilishwi maisha yote ya gari. Sisi tunashauri muda wa kuibadilisha ufuatwe kama ulivyo katika kitabu cha gari. DSG ya gia sita, kwa mfano, huhitaji oili mpya kila kilomita 60,000. CVT na klachi mbili zina oili zao mahususi, na kuweka ya bei rahisi kwa sababu "zote ni oili" ni njia fupi ya kuiua giaboksi.

Kuhusu bei ya kuuzia, fahamu kwamba Japani iliruhusu leseni ya magari ya otomatiki pekee tangu mwaka 1991, na madereva wengi huko hawajifunzi klachi. Ndiyo maana magari ya manyuali yamekuwa adimu, na yale ya spoti huweza kudai bei ya juu. Uadimu huo umezaa jambo la kuangaliwa: magari yaliyotoka kiwandani yakiwa otomatiki, kisha yakabadilishwa kuwa manyuali gereji. Kazi hiyo huweza kufanywa vizuri, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Ukipewa hati ya mnada wa Japani, angalia sehemu ya gia: mara nyingi AT au FA humaanisha otomatiki, na F5 au F6 humaanisha manyuali. Hati ikisema jingine na gari likisema jingine, dai maelezo.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Lione gari likiwa limepoa, kisha liendeshwe angalau nusu saa, kwa sababu kasoro nyingi za giaboksi hujificha mpaka oili ipate moto.

Kwa manyuali:
- Ukiwa gia ya nne na mwendo wa chini, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele na gari lisiongeze kasi, klachi imekwisha.
- Panda na kushuka gia ya pili mara kadhaa. Ikisaga meno au ikiruka na kurudi frii, tatizo limo ndani ya giaboksi.
- Injini ikiunguruma palepale, kanyaga klachi. Mlio unaotokea ukikanyaga huashiria beringi ya klachi.

Kwa otomatiki na CVT:
- Ukikanyaga breki, hamisha kutoka P kwenda R, kisha D. Gari likikawia kushika au likistuka kwa nguvu, simamisha mazungumzo ya bei.
- Jaribu kupanda mlima. Injini ikipanda mizunguko na gari likabaki nyuma, giaboksi inateleza. Katika CVT, injini kubaki kwenye sauti moja ni kawaida, ila mitetemo na milio ya kukwaruza si kawaida.

Kwa klachi mbili:
- Ondoka taratibu mara nyingi, mbele na nyuma, na kwenye mwinuko. Kutetemeka wakati wa kuondoka ni dalili ya klachi zilizolika.

Kwa giaboksi yoyote inayoongozwa na kompyuta, fundi apime kwa mashine yake na akupe matokeo kwa maandishi. Taa ya onyo isiyowaka kabisa unapofungua swichi inatia shaka sawa na inayowaka daima, kwani huenda imeondolewa.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo maelezo yaandikwe. Mkataba utaje aina ya giaboksi, toleo la gari, kama giaboksi iliwahi kubadilishwa, na kasoro zinazojulikana. Tunza tangazo, ujumbe wa simu na risiti.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, kanuni ya kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili humbana anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi wako ni mdogo. Pili, ukishalikagua gari, ni vigumu baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukaguzi wa nusu nusu huweza kukuumiza kuliko kutokagua.

Uamuzi

Ikiwa siku zako nyingi ni za foleni na gari litaendeshwa na wengi, otomatiki ya kawaida inakufaa. Ikiwa unapenda kuendesha, una fundi unayemwamini na unataka matengenezo yanayotabirika, manyuali inakufaa. Klachi mbili au CVT ichukuliwe tu pale ambapo kumbukumbu za huduma zipo na fundi mwenye mashine yake anapatikana karibu. Na ukikuta magari mawili, moja lina gia unayoipenda lakini hati zake hazieleweki, jingine lina gia usiyoitamani lakini limetunzwa na limekaguliwa, chagua hilo la pili, au subiri. Magari mengine yatakuja.