Kuzama Mwambani kwa Mtungi wa Hewa

Tangu zamani watu wa pwani wamepiga mbizi. Wako waliotafuta chaza, na wako wamtoao pweza pangoni mwake. Nao huzama kwa pumzi moja tu waliyoivuta juu ya maji. Pumzi ikiisha, hawana budi kurudi. Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza uzamaji wa namna nyingine, ule wa mtu achukuaye hewa yake mgongoni, akaweza kukaa chini nusu saa na zaidi. Tutamfuata mpiga mbizi kwa siku moja katika Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, tangu mashua kuondoka hata kurudi. Na njiani tutaona kwa nini hatari kubwa haimo katika kushuka, bali imo katika kupanda.

Ghuba hiyo imezungukwa na visiwa vya Mafia, Chole, Juani na Jibondo, nayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Bahari kuu huingia ghubani kwa mlango uitwao Kinasi. Nahodha hungoja maji yanapojaa, kwa kuwa ndiyo yaletayo maji maangavu kutoka nje. Yanapokupwa hutoka na mchanga, tena mkondo wa mlangoni waweza kumchukua mtu ukamtupa nje ya mwamba. Wakati wa kusi, bahari ya nje inapochafuka, watu huzama humu ndani ya ghuba.

Kabla ya kushuka, kila mtu hukagua vyombo vyake na vya mwenzake, maana hazami mtu peke yake. Kuna mtungi wa chuma au wa alumini, miwani ifunikayo macho na pua, mapezi ya miguuni, mkanda wenye vipande vya risasi vya kumsaidia kuzama, na koti litiwalo hewa ili aelee. Lakini moyo wa vyombo vyote ni kipumulio, yaani kile kidude anachokiuma kinywani. Kilitengenezwa mwaka 1943 na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, na Émile Gagnan, mhandisi. Wakati ule wa vita petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa amebuni vali ya kupeleka gesi katika injini za motakaa. Wakaibadili vali hiyo ipeleke hewa kwa mtu. Kazi yake ni mbili: hutoa hewa wakati mtu avutapo tu, tena huitoa kwa nguvu iliyo sawa na nguvu ya maji yamzungukayo.

Hiyo nguvu ya maji ndiyo mwalimu wa habari zote zifuatazo. Hapa juu hewa yatugandamiza, wala hatuhisi, kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Lakini maji ni mazito. Kila mita 10 ushukazo, huongezeka mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa mita 10 mgandamizo ni mara 2. Kwa mita 20 ni mara 3. Kwa mita 30 ni mara 4. Chukua puto lililojaa hewa, ulishushe mita 10: litasinyaa hata nusu yake. Lirudishe juu, nalo litavimba kama kwanza.

Basi mpiga mbizi anaposhuka, jambo la kwanza ahisilo ni maumivu ya masikio, kwa sababu hewa iliyo ndani yake yasinyaa. Huziba pua kwa vidole, akapuliza taratibu, masikio yakafunguka. Hufanya hivyo mara nyingi, kabla hayajauma. Mwenye mafua asizame siku ile, kwa kuwa njia za masikio yake zimeziba.

Sasa amefika mwambani. Kwa sababu ya maji na kioo cha miwani, kila kitu huonekana kikubwa zaidi na karibu zaidi kuliko kilivyo. Rangi nyekundu imekwisha potea, maana maji huimeza kwanza kuliko rangi nyingine zote. Mtu akijikata, damu yake huonekana kama ya kijani. Husikia mlio wa injini wala hajui watoka upande gani, kwa kuwa sauti hupita upesi mno majini. Kusema hawezi, hivyo husema kwa mikono. Dole gumba likielekezwa juu si kusema “vizuri”, bali ni “tupande”.

Mbele yake yako matumbawe, mengine kama pembe za paa, mengine ya mviringo kama jiwe kubwa. Lakini tumbawe si jiwe tu. Ni nyumba iliyojengwa na vinyama vidogo visivyohesabika. Ndani ya miili yao mnakaa mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo hutumia mwanga wa jua kuwatengenezea chakula. Tumbawe la mviringo huongezeka kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo lililo na kimo cha mita moja laweza kuwa na umri wa miaka 100. Pezi moja la mzembe, au nanga iliyotupwa ovyo, huharibu kazi ya vizazi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu, na ya Mafia pia, yaliipoteza mimea yake, yakawa meupe, na mengi yakafa.

Pono huyatafuna matumbawe kwa mdomo wake mgumu, naye hutoa mchanga mweupe. Chewa, mla samaki, hutulia akafumbua kinywa, na samaki mdogo mwenye mistari akaingia kumtoa wadudu bila ya kudhurika.

Mambo hayo humpumbaza mtu, naye hana budi kutazama hewa yake. Tufanye hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa mara 200 una lita 2,400 za hewa. Tuseme mtu mtulivu hutumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Akiwa mita 20 chini, hewa yake imegandamizwa mara 3, basi atatumia lita 60. Akiweka akiba ya lita 600, zimebaki 1,800, nazo zitamtosha dakika 30. Mwenye hofu huhema upesi, na mtungi wake huisha mapema.

Sasa dole gumba limeelekezwa juu, na hapa ndipo panapotaka akili. Sheria ya kwanza: asizuie pumzi kamwe. Hewa aliyoivuta chini huvimba apandapo; akifunga kinywa, mapafu yaweza kupasuka, hata katika maji machache. Sheria ya pili: apande polepole. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, na chini ya maji naitrojeni hiyo huyeyuka katika damu na mwili. Fungua chupa ya soda kwa ghafula, itatoka povu. Ifungue kidogo kidogo, haitoki. Vivyo hivyo damu ya mtu. Asipite mita 9 kwa dakika, na afikapo mita 5 asimame dakika 3, ili naitrojeni itoke kwa njia ya pumzi. Tena asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa kuwa huko angani mgandamizo hupungua zaidi.

Asiyeshika hayo huumwa viungo, huona ganzi, na pengine hupooza. Wako wavuvi wa pwani yetu waliofuata majongoo ya bahari kilindini kwa mitungi, pasipo kufundishwa, wakishuka mara nyingi kwa siku moja. Baadhi yao walirudi wamepooza miguu, na watu wakadhani wamepigwa na jini. Si jini, ni povu katika damu. Mtu wa namna hiyo alazwe, apewe oksijeni ikiwapo, apelekwe hospitali upesi, na waganga waambiwe kwamba alizama kwa mtungi. Asirudishwe majini ili apone.

Kwa hiyo kijana akiambiwa kwamba mtungi ni kazi rahisi, kwamba kinachotakiwa ni kuuma mpira na kushuka, aulize kwanza ni nani atakayemfundisha kupanda. Asipopata jibu, auache mtungi mashuani.