Kijana Akiitwa Kusomea Kemia Chuo Kikuu, Kikundi Kipange Nini?



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka na vijana kupangiwa vyuo, kadi za harambee huanza kuzunguka, kutoka Kendu Bay mjini mpaka Kanyadhiang na Kosele. Watu wetu si wachoyo. Mama muuza omena atatoa mia, mwalimu atatoa elfu, na kijana atasindikizwa na sanduku jipya na godoro. Haya yote ni mazuri. Lakini tukitembelea vikundi mwaka mmoja au miwili baadaye tukauliza, "Yule kijana wa kemia anaendeleaje?", mara nyingi tunajibiwa, "Yuko huko tu." Tumeona zaidi ya mmoja aliyerudi nyumbani mwaka wa pili au wa tatu. Hakushindwa na masomo. Pesa zote zilichangwa siku moja na kutumika muhula mmoja.

Shahada ya kemia huchukua miaka minne, na gharama zake haziji zote siku ya kwanza. Kikundi kinachotaka kusomesha mtoto kipange hiyo miaka minne kabla ya kuchapisha kadi.

KEMIA SI DUKA LA DAWA

Kwanza tuondoe kosa moja. Hapa kwetu duka la dawa huitwa "kemisti", basi mzazi akisikia mtoto anasomea kemia huona tayari duka lenye msalaba wa kijani pale stendi. Sivyo. Wa kuuza dawa husomea famasia, ambayo ni kozi nyingine kabisa. Shahada yake ni ya miaka mitano, na mwenye kuhitimu husajiliwa na Pharmacy and Poisons Board. Mwenye shahada ya kemia hawezi kufungua duka la dawa kwa cheti chake.

Kemia ni elimu ya vitu vimeundwa na nini, na hubadilikaje vikichanganywa, vikichomwa au vikioza. Nayo haiko mbali na sisi. Maji ya Simbi Nyaima ni ya magadi, hayanyweki, ilhali ziwa kubwa liko hapo hapo karibu. Kinachoyatofautisha ni kemia. Kule Awendo, kiwanda cha sukari hupima utamu wa miwa maabarani ili kijulikane kama imekomaa. Maji ya bomba hutiwa klorini, na lazima awepo mtu wa kupima isizidi wala isipungue.

Mfano unaotupendeza zaidi ni ule wa Mbita. Wengi wenu mnaijua kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi mpaka yanabaki kama kwamba hayakupata mvua. Watafiti wa ICIPE huko Mbita, pamoja na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza na wa hapa Kenya, waligundua katika miaka ya 1990 kwamba desmodium ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake hufukuza nondo wa viwavi vya bua, na matete yaliyopandwa pembeni huwavuta nondo hao nje ya shamba. Halafu mizizi ya desmodium hutoa kemikali zinazofanya mbegu za kayongo kuota lakini zishindwe kushika mizizi ya mahindi, zikafa. Kemikali hizo hazionekani kwa macho. Wanakemia ndio waliozitenga na kuzitambua, moja moja. Mkulima akavuna.

Na upande wa hatari, kuna migodi midogo ya dhahabu ya Migori, kama Macalder na Osiri. Wachimbaji huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kisha huchoma ule mchanganyiko, na moshi wake huingia mapafuni. Zebaki hudhuru neva na figo. Ikiingia majini, hupanda mpaka kwenye samaki. Nani atatupimia maji na samaki hao? Labda ni huyo mtoto wenu.

MAJINA YA KOZI YASIWACHANGANYE

Kuna shahada ya sayansi katika kemia. Kuna kemia ya viwandani, inayoelekea zaidi kwenye utengenezaji wa bidhaa, na kuna kemia ya uchanganuzi, yaani kazi ya kupima. Kisha kuna shahada ya elimu, ambapo mtu husomea ualimu wa kemia na somo la pili, kwa mfano hisabati.

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Mzazi husema, "Asome kemia, kazi ya viwandani ikikosekana atafundisha." Lakini mwenye shahada ya kemia tupu hasajiliwi na TSC kuwa mwalimu wa sekondari mpaka aongeze diploma ya uzamili ya elimu. Hiyo ni karo nyingine na muda mwingine. Isitoshe, TSC huangalia nyuma hadi KCSE: C+ ya jumla, na C+ katika yale masomo mawili atakayofundisha. Kama nia ni kufundisha, basi achague shahada ya elimu tangu mwanzo. Sisi hatudharau ualimu, shule zetu bado zinahitaji walimu wa sayansi. Tunasema tu kwamba uamuzi huo ufanyike mapema.

MIPANGO HUANZA KABLA YA CHUO

Upangaji wa vyuo hufanywa na KUCCPS, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012 kuchukua kazi ya ile JAB ya zamani. Anayetaka shahada awe na C+ au zaidi, na kila kozi huhesabu masomo manne. Kwa kemia, msichana mwenye B ya jumla lakini mwenye D ya hisabati atapata taabu, kwa sababu kemia ya chuo imejaa hesabu. Watu hufikiri ni kukariri majina. Si mchezo huo.

Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4 ni wa mwaka 2027. Wadogo zao waliingia mfumo mwingine: tangu Januari 2026 mtoto wa Gredi ya 10 yuko katika mojawapo ya njia tatu, nayo kemia iko katika njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwa hiyo kikundi kisichozungumza na mtoto akiwa Gredi ya 9 kimechelewa. Mwulizeni mwalimu wake swali moja: shule anayoipenda ina maabara inayofanya kazi, au ni chumba chenye meza na vumbi?

Na asiyefikia C+ asilie. Mwenye C- anaweza kusoma diploma, na baadhi ya polytechnic hufundisha diploma ya kemia ya uchanganuzi. Kuna waliopitia njia hiyo wakafika shahada baadaye. Sisi wenyewe tulioandika haya tunafanya kazi kwa diploma, na ugali upo mezani.

MIAKA MINNE INAVYOKWENDA

Mwaka wa kwanza ni wa misingi: kemia, hisabati, fizikia, kompyuta kidogo. Mwaka wa pili na wa tatu mwanafunzi huingia ndani. Husoma kemia ya vitu vyenye kaboni, ile ya metali na chumvi, ile ya joto na nguvu, na kupima. Mwaka wa nne huwa na utafiti wake mwenyewe, unaoandikwa na kutetewa mbele ya walimu.

Kila wiki kuna vipindi vya maabara, saa kadhaa mfululizo. Atahitaji koti jeupe, miwani ya kukinga macho, kikokotoo cha kisayansi na daftari la maabara. Jambo la kuelewa ni hili: mwanafunzi wa historia akikaa nyumbani wiki tatu akitafuta karo, anaweza kuazima daftari la mwenzake. Wa kemia akikosa maabara amekosa, kwani alama zake hutokana na kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Akirudishwa nyumbani mara mbili, anarudia somo, na kurudia ni gharama. Ndiyo maana karo ya mtoto wa kemia ifike mapema muhula, hata kama ni kidogo kidogo.

HESABU YA KIKUNDI

Chukueni barua ya kuitwa chuoni, msome pamoja. Karo imeandikwa humo. Msichangishe kwa kukisia.

Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995, haumfuati mwanafunzi wenyewe. Huombwa, na mwaka unaofuata huombwa tena. Tumekuta vijana waliodhani maombi ya mwaka wa kwanza yanatosha. Ni mkopo pia, si zawadi, atalipa akimaliza. Mwaka 2023 serikali ilileta utaratibu mpya wa kuchanganya ufadhili na mikopo, nao umepelekwa mahakamani tangu hapo, hivyo ulizeni upya kila mwaka wala msitegemee alivyopata jirani. Hati ziwe tayari: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, PIN ya KRA, akaunti ya benki, na kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Hivi vya mwisho huchukua muda mrefu sana kupatikana, anzeni navyo akiwa bado shuleni.

Sasa hesabu. Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa mwezi kando na meri-go-raundi. Hiyo ni 4,000 kwa mwezi, 48,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 192,000. Hakuna aliyeuza ng'ombe. Mkifanya harambee pia, theluthi moja itumike kumpeleka na inayobaki iwekwe benki kwa sahihi tatu, mojawapo ya mama asiye wa ukoo wa mtoto. Tunasema hivyo kwa sababu ukoo huwa na misiba, na msiba hula akiba.

Wekeni fungu la pekee kwa mafunzo ya kazini, ambayo kwa kawaida huja likizo ndefu, mara nyingi baada ya mwaka wa tatu. Hapo mwanafunzi hufanya kazi kiwandani au maabarani, aghlabu bila malipo. Nauli, chumba na chakula ni vyake mwenyewe, na bima pia huulizwa. Wengi hukwama hapo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Karibu na nyumbani kuna pa kujaribu: kiwanda cha Awendo, kampuni ya maji ya Homa Bay, kituo cha ICIPE cha Mbita. Akipata ya karibu, atalala kwa shangazi na fungu lenu litabaki. Barua za maombi ziandikwe miezi mitano au sita kabla, lakini kwanza apate barua ya chuo ya kumtambulisha, maana bila hiyo ofisi nyingi hazifungui hata bahasha.