Usingoje mbwa akue

Hapa Kisangani tunasema: "Muache mbwa akue kwanza, ndiyo tutamufundisha." Hapana. Wamarekani Scott na Fuller, katika kitabu chao cha 1965, walilinganisha mbwa wa aina 5. Mmoja ni mbwa wa kondoo wa Shetland. Mwingine basenji, huyu wetu wa pori la Congo asiyebweka. Waliona mtoto wa mbwa anazoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12. Basenji wa wiki 5 walikimbia watu, wengine wakataka kuuma. Waliposhikwashikwa wakatulia upesi.

Basi ukipata mtoto wa mbwa wa kuchunga, na unamtaka kwa michezo ya kuruka vizuizi, anza leo, ila si kwa kuruka! Mifupa bado laini, ngoja kama mwaka. Sasa ni jina tu: mwite, akigeuka mpe kipande cha samaki. Dakika 3 zinatosha. Damu yake inamtuma kufukuza kinachokimbia, kuku, watoto, toleka. Mwite kabla hajaondoka, si baada. Na sokoni? Mpeleke, lakini mikononi, mpaka amalize chanjo.