Doa Jeusi Halitoki kwa Kusuguliwa

Chunusi imepona, doa limebaki. Mwenyewe anashika dodoki na ndimu, anasugua asubuhi na jioni, na doa linazidi kukolea. Si ajabu: kusugua ni kuijeruhi ngozi upya, na ngozi nyeusi ikiwashwa au ikiumizwa, iwe kwa ukurutu au vipele vya ndevu, hujibu kwa kumwaga melanini zaidi.

Mabaka ya mashavuni na kwenye paji yana chanzo kingine. Wanawake wengi huyapata wakiwa wajawazito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango; homoni huyachochea, jua huyakoleza. Weusi mnene wa shingoni na kwapani, laini kama mahameli ukiupapasa, ni habari nyingine kabisa. Wengi huudhani uchafu. Kwa kuwa huweza kuashiria kisukari, mimi huagiza kipimo cha sukari kabla ya krimu yoyote.

Matibabu huanza kwa kuzima chanzo. Chunusi zikiendelea kuchipuka, hakuna dawa ya madoa itakayofua dafu. Kisha mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi. Kwa mabaka ya mashavuni nachagua yenye rangi, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza weusi. Baada ya hapo ndipo inakuja asidi ya azelaiki, au tretinoini ya usiku. Tretinoini haimfai mjamzito. Azelaiki anaweza kuitumia.

Haidrokwinoni ni dawa kweli, lakini ya daktari, kwa miezi michache tu. Tanzania na Kenya zimeipiga marufuku kwenye vipodozi, pamoja na zebaki. Bado mkorogo wa kuchubua ngozi unauzwa, mara nyingi ukiwa na vyote viwili na klobetasoli, steroidi kali, juu yake. Klobetasoli huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Zebaki huharibu figo. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza madoa ya samawati-nyeusi kwenye nyuso za waliopaka haidrokwinoni kwa miaka. Hayo kuyatoa ni kazi ngumu kuliko yale yaliyompeleka mtu dukani.

Doa la juu juu hufifia kwa miezi kadhaa. Lililozama chini, lenye ukijivu, laweza kuchukua miaka, na leza ikipigwa bila uangalifu kwenye ngozi zetu huacha doa jipya.