Zawadi ya Ngozi kwa Utafiti wa Soriasisi: Mwamini Aelewe Nini?

Hapa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimewafunza wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wengi wetu, kutoka mjini hadi vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, tunajua kipimo cha “kukatwa kinyama”. Basi, mgonjwa akiombwa kwamba kipande hicho, au ngozi inayobaki baada ya upasuaji, kitumike pia katika utafiti wa dawa, je, dhamiri ya Kikatoliki inamruhusu kukubali?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Soriasisi hutokea pale kinga ya mwili inapochochea ngozi kujitengeneza upya kwa kasi mno. Kazi ambayo kwa kawaida huchukua takribani mwezi mmoja hufanyika kwa siku chache, na ngozi hujaa mabaka mazito yenye magamba. Ugonjwa huu hauambukizi. Anayeukwepa mkono wa mwenye soriasisi wakati wa kutakiana amani anamwongezea msalaba bila sababu yoyote.

Kwa nini watafiti wahitaji ngozi ya binadamu? Panya hapati soriasisi kwa asili, na ngozi yake ni tofauti na yetu. Ngozi iliyotolewa katika upasuaji yaweza kutunzwa hai kwa siku kadhaa ndani ya kimiminika chenye virutubisho. Hupakwa dawa, na wataalamu hupima dawa hiyo imepenya kiasi gani. Aidha, kwa kulinganisha kipande chenye baka na kipande kizima, walitambua protini zinazochochea ugonjwa, na ujuzi huo umesaidia kupatikana kwa sindano za kisasa zinazozizuia. Tena, utafiti mwingi umefanyika kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao mabaka yao huonekana mekundu. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huelekea zambarau, kahawia au kijivu, na hivyo ni rahisi kutotambuliwa. Utafiti usioihusisha ngozi yetu hutuacha nyuma.

Mama Kanisa anafundisha nini? Mwezi Mei 1956, Papa Pio XII, akizungumzia upandikizaji wa konea ya jicho, alieleza kwamba kuchukua sehemu ya mwili wa marehemu kwa ajili ya mgonjwa si kosa kimaadili, mradi heshima ya mwili na hisia za ndugu zilindwe. Tarehe 29 Agosti 2000, Mtakatifu Yohane Paulo II alisisitiza kwamba utoaji wa viungo ni tendo la upendo lidailo ridhaa ya mtu aliyeelewa, na kwamba mwili wa binadamu kamwe si bidhaa. Katekisimu, namba 2295, inaongeza kuwa ridhaa peke yake haihalalishi jaribio linalomweka mtu katika hatari isiyo na uwiano au linalodhalilisha utu wake.

Tunatambua pia hofu iliyopo. Nchi yetu ina jeraha la ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya biashara ya viungo. Anayeuliza ngozi yake inakwenda wapi hapaswi kuchekwa. Wengine, kwa kuheshimu maziko ya kihambani, wanahofu kuzikwa wakiwa wamepungukiwa. Ufufuko ni kazi ya Mungu, wala haupunguzwi na kipande cha ngozi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, mwamini aulize: Kipande hiki kinachukuliwa kwa matibabu yangu, kwa utafiti, au kwa vyote viwili? Je, utafiti una kibali cha kamati ya maadili na cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)? Jina langu litafichwaje? Kitasafirishwa nje ya nchi? Je, nikikataa, nitaendelea kutibiwa vilevile? Kurudishiwa nauli si kuuza mwili. Kupangiwa bei ya ngozi ni jambo jingine, nalo halikubaliki. Asiyesoma vizuri asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, na apewe muda wa kushauriana na familia yake.

Masharti haya yakitimizwa, anayekubali anafanya tendo jema la huruma kwa mgonjwa ambaye huenda hatamwona kamwe. Anayekataa hatendi dhambi, kwa kuwa zawadi hailazimishwi. Linalotupasa sote ni kuwapokea wenye soriasisi katika jumuiya zetu ndogondogo, na kuwahimiza wafike hospitalini mapema.